Siku Nilipopima Adabu Badala ya Magoti

Mwanangu, kwa miaka mingi nilikana kwamba niliipenda dawa ile kabla sijaipima. Leo nakiri. Ilikuwa mafuta ya kuchua magoti, yananukia karafuu, nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, natafuta jambo la kunipa jina.

Nakumbuka mchana mmoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika zahanati ya Mji Mkongwe. Nilimpelekea mkuu wangu, Dk. Thureya, matokeo: waliopewa dawa karibu wote wamepona, waliopewa mafuta matupu yasiyo na dawa, hoi.

"Uliwauliza vipi?"

"Niliwaamkia, nikawauliza hali. Wakasema, 'Alhamdulillahi, nshapona.'"

"Na hawa wa mafuta matupu?"

"Niliwauliza, 'Bado yanauma, eti?'"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Binti yangu, mtu mzima wa hapa ukimuamkia vizuri atakwambia hajambo hata akiwa anabebwa. Umepima adabu, magoti hujayagusa. Na huko Chukwani wazee wanaacha vidonge vyao vya magoti kwa sifa unazozieneza wewe!"

Hilo la mwisho liliniingia. Tukaanza upya. Kura ndiyo iliyoamua nani apewe chupa gani. Mafuta matupu nayo tukayatia harufu ya karafuu, na siri ya chupa akabaki nayo Dk. Thureya peke yake. Tuliandika mapema tutakachopima: muda wa kupanda ngazi za ghorofani, zile ambazo hata mzima huzipanda akimtaja Mungu. Nesi aliyeshika saa hakujua nani kapaka nini. Mimi nilifungiwa chumba cha nyuma, nisije nikamtabasamia mtu.

Siri ilipofunguliwa, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Nikaandika hivyo hivyo, na habari ya wazee walioacha vidonge nikaitia, ripoti ikachapishwa. Mwenye dawa, aliyekuwa akiyatengeneza na kuyauza mafuta yale, akatangaza mji mzima kwamba binti yule hajui kazi, na wazee wakawa hawajui wamsikilize nani.

Mwanangu, dawa ukiipenda, ipende, lakini usijiachie kuipima peke yako. Panga kipimo kabla hujaliona jibu. Jibu likikukataa, liandike bila kulipunguza. Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kungoja, na akujaalie simu kama niliyopigiwa mimi na daktari wa bara nisiyemjua, aliyeurudia utafiti wetu hatua kwa hatua:

"Bi Rahma? Huku kwetu hakuna ghorofa, ikabidi tumwite seremala atuchongee ngazi. Tumepata yaleyale, dada! Waambie wazee wako wakachukue vidonge vyao."