Kulase ya Gari ya Papa

Gari ya Papa, baba yangu, ilinizidi umri, na mulima wa Cimpunda ilikuwa inaupanda kwa kubembelezwa. Abiria walishuka, wakatembea, wakatungojea juu huku wakicheka. Papa hakujali, alisema gari ni muzee kama yeye, iheshimiwe. Mimi nilijali. Nilikuwa nimepita miaka thelathini, nafanya kazi ya ofisi, na nilikuwa mutu wa kujionyesha, niseme ukweli.

Ndipo nikapata kulase ingine, ile ya kubana sana. Kulase ni kile kichwa cha chuma kinachofunika moteri juu ya pistoni. Ukiweka yenye nafasi ndogo, hewa na mafuta vinabanwa zaidi, nguvu inaongezeka. Nikaipeleka kwa fundi wa Kadutu, muzee mumoja tuliyesali naye katika shirika, ile jumuiya ndogo ya wakristo wa mtaa wetu. Hakuwa na kibao wala matangazo. Watu walimuletea magari kwa sababu ya jina lake tu, na jina lile ndilo lililolisha watoto wake.

Alifanya kazi siku mbili, bila haraka. Aliweka udongo laini juu ya pistoni, akafunga kulase, akazungusha moteri kwa mukono, kisha akafungua tena apime ule udongo ulivyobanwa. Nati alizikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, nami nikimusumbua kwamba nachelewa. Alipomaliza alinionya: mafuta ya kituo tu, yale mazuri, ya bidoni, yale ya kuchanganywa yanayouzwa kando ya barabara, hapana. Na nikisikia moteri inagonga kama kokoto ndani ya sufuria, niondoe muguu palepale.

Jumamosi nilipanda Cimpunda na watu watano ndani. Ee, nilivimba! Jumapili nikashuka nayo mpaka Kamanyola, kwa wazazi wa muchumba wangu. Wakati wa kurudi mafuta yalikuwa chini. Kwenye kituo kulikuwa na mustari murefu, nami sina uvumilivu, nikajaza ya bidoni kando ya barabara. Kwenye kupanda moteri ikaanza kugonga. Niliisikia vizuri. Nikaongeza sauti ya redio, nikakanyaga zaidi.

Gari ilifika nyumbani kwa kuvutwa na kamba. Papa alisimama mulangoni, ameshika kofia yake, akauliza kumetokea nini. Nikajibu bila kusita: “Muzee hakukaza kulase muzuri.”

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitosha kufika shirika. Kwetu, wakristo wenye ugomvi hawapelekani mbali. Wanasemezana katika shirika, mbele ya majirani, kisha wanapeana mukono wa amani. Papa alipeleka neno langu pale siku ya Alhamisi, kwa uchungu, bila matusi. Fundi alikuwa bado hajafungua moteri. Aliomba juma moja aangalie kwanza. Ndani ya juma hilo wateja wawili waliondoa magari yao kwake. Nilipita mbele ya garaji nikaona zile nafasi mbili tupu, nikageuza uso. Mutu bure mimi.

Alhamisi iliyofuata akasimama. Nilikuwa nimeketi karibu na mulango, maana sasa alikuwa ameshafungua moteri na kuona. Nilingojea anitaje. Alimutazama Papa.

“Papa, moteri iliharibika. Ni mimi nilifunga ile kulase. Munisamehe, nitaitengeneza.”

Papa akamupa mukono. Wamama wakaanza wimbo. Fundi akaninyooshea mimi pia mukono wake, nikaushika.

Nje aliniita pembeni ya ukuta, akatoa ndani ya koti kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Ilikuwa pistoni. Katikati ilikuwa na tundu, na kando ya tundu chuma kilikuwa kimeyeyuka.

“Uifiche,” akasema. “Papa yako akiiona, atajua ni mafuta.”

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, kwa nini hakusema mbele ya watu. Akafuta mikono yake kwa kile kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

“Mimi nitapata wateja wengine. Papa yako iko na wewe tu.”

Nikaichukua. Nikaificha, na mpaka leo Papa akipita mbele ya ile garaji anasema, yule muzee, mikono yake ilishachoka.