Petroli ya Mirella Inakwenda Wapi

Kwa miaka kumi na tisa Mirella Canepa amekuwa akitengeneza nywele za wazee wa kike wa vilima vya Genova, nyumbani kwao, maana ngazi zimewashinda. Draya hukaa kwenye boksi nyuma ya skuta, rola chini ya kiti. Kila mteremko huushuka injini ikiwa imezimwa, kama alivyofanya baba yake na kama ufanyavyo mtaa mzima. Petroli ya kushukia, wanasema, ni mkate uliotupwa.

Lita moja ilikuwa ikimfikisha kilomita thelathini na nane. Tangu Pasaka, ishirini na saba.

"Injini imekwisha," alisema Baciccia, fundi wake. "Niletee Jumamosi, niivunje iwe spea."

"Umeifungua?"

"Nimeisikiliza, mama."

"Hata daktari hunisikiliza, na sijazikwa."

Skuta nyingine hakuwa na uwezo wa kuinunua. Bila hii angebaki na wateja wa barabara ya basi tu, na wale wa juu wangekaa na nywele zao. Aliomba wiki moja.

Alijaza tangi hadi shingoni, kila siku kwenye kituo kilekile, skuta ikiwa imesimama palepale, na kila siku alibadilisha kitu kimoja. Jumatatu alijaza upepo, kwa kuwa tairi la nyuma lilikuwa limelegea. Akapata kilomita mbili zaidi kwa lita. Jumanne aliiacha draya kwa mteja. Kilomita moja, basi. Jumatano alikifungua na kukiacha nyumbani kioo kirefu cha mbele kinachomkinga upepo. Barabara ya pwani ilimrudishia mbili nyingine, mlimani hakuona tofauti yoyote, na jioni alikuwa na mafua. Thelathini na mbili. Sita bado zilikuwa zinapotelea mahali, na alitaka kujua ni wapi kuliko alivyotaka kuzirudisha.

Alhamisi alifika kwa Delfina Repetto, mwenye miaka tisini na mmoja, nyumba ya mwisho kilimani. Delfina huteremsha ufunguo dirishani, ndani ya kikapu kilichofungwa kamba. Mirella, akiwa bado juu ya skuta, aliachia breki zote mbili ili anyooshe mikono kukipokea.

"We Mirella," Delfina aliita kutoka juu, "huyo punda wako amekufa? Mbona harudi nyuma?"

Mirella alitazama. Pale hata chungwa halisimami. Skuta ilikuwa imetulia kimya, pua juu, bila mtu kushika breki. Aliinama akagusa kitovu cha gurudumu la nyuma, akauondoa mkono haraka na kunyonya kidole.

"Haya njoo juu, nywele zinanikauka!"

"Zikauke. Nimeipata!"

Jumamosi Baciccia alifungua gurudumu badala ya injini. Vipande vya breki vilikuwa vyeusi, vinang'aa kama kioo, na mkono unaovirudisha ulikuwa umekwama.

"Ukizima injini, uzito wote wa mteremko unabebwa na breki," alisema, bila kumtazama usoni. "Umeichoma mpaka imesahau kuachia. Halafu unapanda mlima breki ikiwa bado imekamata."

"Baba alishuka hivyo maisha yake yote."

"Baba yako hakubeba draya. Iache injini iwake, usivute mafuta. Italamba tone, na itakushikilia badala ya breki."

"Na ile ya kuivunja?"

"Nani alisema kuivunja?" Baciccia aliifuta skuta kiti, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu.

Wiki iliyofuata, breki ikiwa imetengenezwa, kioo na draya vikiwa vimerudi mahali pake, alipata thelathini na saba.

Alipokuwa akishuka kutoka kwa Delfina, injini ikinguruma taratibu, wanaume waliokuwa mlangoni mwa baa waliinuka kabisa kutoka vitini.

"Mirella! Umerithi kisima cha mafuta?"

Aliwapungia mkono wa kushoto, ule ambao kwa miaka kumi na tisa haukuwahi kuachia breki kwenye mteremko ule.