Latifu na Waya wa Majirani

Kwa Latifu Byiringiro huwezi kuomba kitu kidogo ukapewa kidogo. Ukienda kuazima bisibisi, alikuja nayo mwenyewe, akakufungia kilicholegea, na ukimkaribisha chai akaona sukari yako imeisha, alirudi kwake kuichota. Mkewe Gasaro alisema mpaka akachoka. Mji wetu wote wa Kamembe, hapa Rwanda mpakani na Kongo, ulijua kwamba neno "hapana" halikai mdomoni mwa mtu huyu, na kama mnavyowajua watu, waliomsifu sana ndio hao hao waliomtumia sana.

Alizaliwa hapo hapo Kamembe, kwenye nyumba za Waislamu karibu na msikiti, baba yake akiwa fundi cherehani. Sindano ilimshinda. Yeye alipenda kufungua redio, kusuka upya mota zilizoungua na kuamsha betri za magari ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Mwaka 1994, vita vilipofika kwetu, alivuka mto Rusizi kuingia Kongo na mkewe kama walivyovuka wengi, akakaa Bukavu akitengeneza redio za wakimbizi. Mwisho wa 1996 vita vikaingia huko nako, akarudi nyumbani.

Nimesema nyumbani, lakini njiani alishajiambia kwamba nyumba hana. Miaka ile nyumba iliyoachwa ilipata mwenyewe mpya kabla majivu ya jikoni hayajapoa. Alipofika mlangoni alikuta kioo ukutani, kiti cha kinyozi sebuleni, na jirani yake Mzee Harelimana akimnyoa mtu. Kumbe Harelimana alihamishia saluni yake humo mara tu Latifu alipoondoka. Kila aliyekuja kuiulizia nyumba aliambiwa hii ni saluni, kaa kitini unyolewe au ondoka. Usiku mzee alilala hapo hapo mlangoni. Siku hiyo alimaliza kichwa kilichokuwa mikononi mwake, akateremsha kioo, akatoa kiti nje, akamkabidhi Latifu ufunguo na kumuuliza kama Gasaro hajambo. Shukrani hakuzingoja. Latifu alilia kama mtoto, na nadhani ni siku hiyo alipoapa moyoni kwamba jirani hatatoka kwake mikono mitupu.

Kiapo kizuri, ila kilikuja kumtia matatani.

Mwaka 2003 Uwineza, mwanamke shupavu aliyekulia Bukavu na kuhamia Kamembe baada ya vita, alifungua nyumba ya simu na intaneti. Juu ya bati aliweka sahani kubwa ya setilaiti, ndani akapanga kompyuta, na chumba cha nyuma akakifungia mitambo yenyewe: modemu inayoongea na setilaiti na kubeba simu, na seva inayogawa kazi kwa kompyuta zote. Umeme wa kwetu haukuwa na adabu ya kuaga. Kwa hiyo chini ya mitambo alikaa mkubwa wa chumba, onduleur, lile sanduku zito lenye betri tumboni linaloshika kazi umeme unapokatika. Usoni lilikuwa na taa tano za kijani, zikizimika moja moja kadiri betri zinavyokwisha.

Latifu ndiye aliyepewa chumba hicho akitunze. Uwineza alimweleza sheria kubwa, akairudia: modemu isizimike kamwe. Ikizimika haiwaki tena yenyewe. Mpaka fundi wa Kigali aiite kutoka kwake, na mwisho wa wiki fundi wa Kigali hapatikani. Kompyuta za wateja zaweza kuzimwa, taa zaweza kuzimwa, modemu hapana.

Latifu aliitika kwa kichwa, na kwa kweli alilitunza lile sanduku vizuri. Alilipangusa vumbi, alikaza vifungo vya betri, alikataza mtu kuweka soda juu yake. Tatizo lilikuja mlangoni, kwa jina la Mzee Harelimana, ambaye saluni yake sasa ilipakana na nyumba ya simu, na aliyekuwa amepata mashine ya kunyolea ya umeme. Umeme ukikatika katikati ya kichwa, mzee alibaki na mteja mwenye kichwa cha ajabu. Hakuomba kitu. Alilalamika tu, na Latifu akasikia. Kesho yake waya mwembamba ulitoka nyuma ya onduleur, ukapita chini ya bati, ukashukia kwenye saluni.

Sasa nani Kamembe asione kwamba saluni ya Harelimana haizimiki? Mwenye duka akaja kwa ajili ya friji lake la Fanta. Msikiti nao ulikuwa na kipaza sauti, na hapo Latifu hakungoja hata kuombwa. Siku moja fundi cherehani mmoja wa jirani alijaribu kuchomeka pasi, onduleur likapiga kelele mpaka wateja wakatoka nje, na Latifu akamwambia Uwineza kwamba ni joto. Ndio uongo pekee aliowahi kumwambia, lakini ulikuwa mnene. Waya wote ule ulianzia kwenye tundu moja, nyuma ya sanduku, na Uwineza hakujua habari zake.

Juni 2004 risasi zililia Bukavu. Watu wakavuka daraja la Rusizi na magodoro kichwani, kisha mpaka ukafungwa, na simu za kawaida zikagoma kushika ng'ambo. Nyumba ya Uwineza ikajaa watu wanaotafuta watu wao. Miongoni mwao alikuwa Maman Marguerite, mchuuzi wa mawese kutoka Bukavu. Alivuka Jumatano kuuza mafuta yake, mtoto wake wa pekee, Jolie, akamwacha kwa jirani. Huyo jirani alikimbia naye, wakatenganishwa na umati, akafika Kamembe peke yake. Alipomsimulia Marguerite yaliyotokea, alipiga magoti barabarani.

Ijumaa Uwineza aliipata parokia moja ya Bukavu kwa simu ya setilaiti. Katekista Wenceslas alisema wana watoto wengi ukumbini, na yuko msichana mdogo anayejiita Jolie, lakini hasemi zaidi ya jina hilo. Akina Jolie Bukavu ni wengi kuliko mawe. "Kesho saa kumi nitawasha jenereta kidogo," alisema, "nimulete kwa simu, mama asikie kama ni wake. Kesho kutwa asubuhi batoto banapakiwa mu lori kwenda mbali, na kule simu hakuna."

Jumamosi hiyo Marguerite alifika mapema, akakaa kwenye benchi karibu na simu, mikono mapajani. Saa saba umeme ukakatika.

Uwineza hakushtuka. Alizima kompyuta zote za wateja, akafungua mlango wa chumba cha nyuma na kutazama taa tano za kijani. "Modemu na seva peke yake," alimwambia Marguerite, "hizi betri zinafika hata jioni. Usiogope, maman." Hajamaliza vizuri, taa ya tano ikazimika.

Latifu akauchungulia waya nyuma ya sanduku. Yeye alijua nani mwingine anakunywa kwenye sanduku lile: friji, msikiti, na mashine ya kunyolea siku ya Jumamosi, siku ya harusi. Kwa mwendo ule, saa kumi ingekuta sanduku limekufa zamani. Dawa ilikuwa moja, kuchomoa waya kwenye tundu lake, kazi ya kunyoosha mkono tu. Alinyoosha mkono. Ukarudi wenyewe.

Jamani, utamkatiaje jirani umeme bila kumwambia? Kwanza unakwenda, unapiga hodi, unamsalimu, unamweleza. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyofanya, mwenye akili zake timamu, huku betri zikiisha. "Ninakuja sasa hivi," alimwambia Uwineza, akatoka.

Alianza dukani. Mwenye duka alifurahi kumwona, akauliza habari za Gasaro, habari za mama yake Gasaro kule Nyakabuye, habari za mguu wa mama yake Gasaro. Latifu alijibu zote. Alipofikia jambo lenyewe, mwenye duka alisema hakuna neno, friji likae tu bila umeme, ila kwanza anywe Fanta kabla haijapata joto. Na Latifu, ndugu zangu, akainywa! Msikitini muadhini alimsikiliza mpaka mwisho, akasema koo analo, na babu zake waliadhini bila waya. Naye pia alitaka kumsindikiza hadi barabarani kama ilivyo desturi.

Kule nyuma taa zilibaki mbili.

Saluni aliiweka mwisho kwa sababu ndiyo iliyomwogopesha. Alipita mlangoni, akapita tena. Ndani, kitini, alikaa bwana harusi wa siku hiyo, kijana wa kutoka Gikundamvura, upande mmoja wa kichwa umeng'aa na upande wa pili ukiwa bado kichaka. Latifu aliingia, akasalimu, akasahau maneno yote.

"Sema, Latifu," alisema Mzee Harelimana bila kusimamisha mashine. "Unatokwa jasho kama muntu mwenye deni."

"Mzee, nilikuja kukuomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kukata courant. Iko mama mumoja kule kwa Uwineza anangoja kusikia sauti ya mtoto wake saa kumi. Betri zinaisha. Nilipita kwa duka, nikapita kwa musikiti, sasa nakuomba na weye, kama hautakasirika, kwa sababu vile ulinifanyia mimi..."

Harelimana alizima mashine. Uso wake ukakunjamana kwa hasira ya kweli.

"Mtoto anatafutwa, na weye unatembea kupiga hodi?"

"Niliona si vizuri kukata bila..."

"Siku niliweka kioo yangu mu nyumba yako, nilikuomba ruhusa?" Mzee alipandisha sauti mpaka bwana harusi akajikunja kitini. "Ningengoja ruhusa yako, leo ungelala wapi? Kimbia! Kimbia ukachomoe hiyo kitu!"

Latifu alikimbia. Hakuwahi kukimbia hivyo tangu utoto. Nyuma yake alisikia kijana wa watu akiuliza kwa sauti ya kuomba kichwa chake kitakuwaje, na Harelimana akimjibu kwamba wembe ulikuwepo kabla ya umeme, atulie.

Aliingia chumba cha nyuma na kumkuta Uwineza amepiga magoti mbele ya sanduku, uso umemsawijika, hajui linavuja wapi. Taa moja. Latifu alipitisha mkono nyuma, akang'oa ule waya mbele ya macho yake, akausimamisha hewani kama mtu aliyekamata nyoka.

"Ni mimi," alisema. "Saluni, duka na musikiti. Mwaka muzima."

Uwineza aliutazama waya, akamtazama yeye. Kuna maneno ambayo mwanamke mwenye biashara huwa nayo kwa wakati kama huo, na aliyameza yote kwa sababu Marguerite alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. "Tutaongea," alisema tu. Hata seva aliizima, akaacha modemu na simu peke yake.

Walikaa wakitazama ile taa moja. Nje muadhini aliadhini Alasiri kwa koo lake, na sauti ilifika vizuri. Latifu hakwenda kuswali msikitini. Aliswali pale pale pembeni ya sanduku, na alichoomba kilikuwa kifupi. Muda si mrefu onduleur likaanza kulia, mlio mmoja, kimya kirefu, mlio mwingine. Uwineza alishika mkono wa Marguerite. Ulikuwa wa baridi.

Saa kumi ilipofika simu ikaita.

"Maman Marguerite?" Ilikuwa sauti ya Wenceslas, na jenereta likinguruma nyuma yake. "Niko naye hapa. Ongea."

Marguerite alikuwa amepanga maneno usiku kucha. Jina la baba, jina la mtaa, wimbo wa kulalia. Alishika simu kwa mikono miwili na yote yakamtoka kichwani.

"Jolie?"

Kimya. Sanduku likalia.

"Jolie, ni miye."

Kimya tena. Wenceslas alisikika akimbembeleza mtoto, sema, sema na mama. Mlio wa sanduku sasa ulikuwa wa haraka haraka, na Latifu aliweka kiganja juu yake kana kwamba linaweza kutulizwa.

Ndipo Marguerite akauliza kile anachokiuliza kila jioni akirudi kutoka sokoni, kabla hata hajatua mzigo.

"Ulikula?"

"Nilikula," kikajibu kisauti kidogo, wazi kabisa. "Na weye, mama, ulikula?"

Marguerite alifumba macho. "Nilikula," alisema. "Nilikula, mama yangu. Nilikula vizuri." Kisha akapaza sauti kama mtu aliye barabarani: "Papa Wenceslas! Ni wangu! Usimupandishe mu lori! Mukae naye! Mpaka ukifunguliwa, nakuja!"

"Nimesikia, maman. Haendi popote. Atakaa na bibi yangu, kwa nyumba..."

Taa ya mwisho ikazimika na simu ikafa. Hata lile sanduku likanyamaza. Uwineza alikuwa analia bila kujificha, Latifu vilevile, ameketi sakafuni na waya wake mikononi.

Marguerite aliirudisha simu mahali pake taratibu. Tangu Jumatano hakuna aliyemwona akitia kitu kinywani. Walimletea uji akaushukuru na kuuacha upoe. Sasa aligeuka, akawatazama, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Munipatie kitu ya kula," alisema. "Nilimwambia mtoto nilikula."