Rehema wa Simu, Aliyekataa Kuambiwa "Nzuri"

Mpaka sasa hivi naona kama utani. Rehema wetu, Rehema wa simu, katutoka juzi alfajiri kwake Mbweni. Innalillahi.

Nyie wa juzi hamumjui, ngoja niwaambie.

Miaka ya tisini, kipindupindu kimepamba moto Dar, mie na yeye tulikaa ofisi moja tukipiga simu za mezani majumbani, Kinondoni mpaka Temeke. Kazi yetu kuuliza nyumba ipi ina mgonjwa, ili gari la wagonjwa liende mapema.

Sasa mtu wa Pwani ukimuuliza habari atakujibu nini? Nzuri. Nyumba inaungua, nzuri. Sie wengine tulikuwa tunaandika "hakuna mgonjwa", tunapiga namba nyingine.

Rehema? Thubutu! Atakusalimia mpaka aumalize ukoo. Bibi hajambo? Watoto wamekula? Bosi analalamika bili, yeye anamwonyesha kiganja, asubiri.

Siku moja kampata mzee mwenye duka Temeke. Wazima wote mwanangu, tunashukuru. Rehema akaendelea kuulizia watoto mmoja mmoja. Alipofika kwa binti wa mwisho, Zuhura, mzee akashusha sauti, akasema ukweli.

Mtoto alikuwa anatapika na kuharisha tangu asubuhi, wamemficha chumba cha nyuma. Gari likija mtaa mzima utajua, na nani tena atanunua kitu dukani kwake?

Nilikuwa pembeni. Rehema hakumfokea.

"Baba, duka utafungua hata mwezi ujao. Mtoto hatakungoja. Mpeni maji ya sukari na chumvi kidogo kidogo, mie natuma gari sasa hivi, na sikati simu mpaka niisikie honi."

Na kweli hakukata. Bosi alikuja, akasimama, akaondoka. Rehema anaongea na yule mzee taratibu, jasho linamtoka, mpaka honi ikalia. Ndipo akaweka mkonga chini, akalia na yeye.

Tangu hapo ofisi nzima tukawa tunasalimia kama Rehema. Na wagonjwa tukawapata, tena wengi.

Jana msibani kaja mama mmoja mcheshi, kaongozana na wanawe. Akasema anaitwa Zuhura, wa Temeke. Hakukaa hata kwenye mkeka. Kafunga kanga kiunoni, kaingia jikoni, hakutoka mpaka kila mtu kapata sahani yake.

Sista, nitakulilia sana, sikufichi. Ila wageni wako wameshiba, na pilau kapika Zuhura. Lala salama.