Baba Hana Mshono Kifuani

Baba alianza kwa kukauka sauti, na kijiji kizima cha Mashewa kikamshauri tangawizi. Alipopigwa picha hospitalini, ikaonekana mshipa mkuu wa damu, pale unapopinda juu ya moyo, umevimba. Daktari alisema ukipasuka tusihangaike kutafuta gari.

Dar es Salaam hawakumpasua kifua. Walichana kidogo kinenani, wakaingiza bomba la kitambaa lenye wavu wa waya, wakalisukuma ndani ya mshipa mpaka kwenye ile kona, likatanuka. Damu sasa inapita humo, uvimbe umeachwa nje. Mimi nilishangaa mno. Baba alilalamika kwamba chai ya hospitali haina sukari. Akaruhusiwa kurudi kwa sharti la kumeza dawa za presha na kutonyanyua kitu kizito mpaka aambiwe.

Tabu ilianzia nyumbani. Kwetu aliyefanyiwa operesheni hutembelewa, na anayetembelewa huonyesha mshono. Wageni walikunywa chai yenye sukari, kisha wakasema, "Pole mzee, hebu tuone." Baba akafungua vifungo. Kifua kilikuwa safi kabisa. Na kinena, mtu mzima wa msikitini hamwonyeshi mtu. Wakamaliza chai, wakaaga. Haikupita muda ikavuma kwamba mzee amejisingizia ugonjwa kukimbia msimu wa kulima. Mimi iliniudhi; yeye ilimuuma.

Kisha akafariki rafiki yake wa tangu utotoni. Wanaume walikuwa wakipokezana jeneza njiani, nikamwona baba anakunja mikono ya kanzu. Nikamshika.

"Baba, umekatazwa."

"Huyu alinibebea baba yangu," alisema, na bado anasogea.

Nyuma yetu mtu akasema, "Kapasuliwa wapi huyo, hana hata mshono."

Sijawahi kuogopa namna ile. Nikapaza sauti: "Walipitia kinenani!"

Msafara mzima ulisikia. Waliokuwa wakileta uradi walisita kidogo, wakaendelea. Jirani mmoja alimsogeza baba pembeni kwa adabu nyingi, akaenda kushika jeneza mahali pake.

Baba alitembea nyuma, mikono mitupu, analia. Karibu na makaburi akaniambia kwa ile sauti yake iliyokauka, "Tukishazika, rudi kwako Kabuku. Usikanyage kwangu."

Ijumaa iliyofuata nikakanyaga. Alikuwa amekaa barazani, akanigeuzia mgongo. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Nikakaa pale pale, nikautazama ule mgongo ukipanda na kushuka anavyopumua.