Mvuke wa Wanaume, Matone ya Wanawake

Nianze na aibu yenyewe, tumalizane nayo: nililala msikitini. Siyo kusinzia wakati wa hotuba, hiyo kila mtu anafanya. Nililala kwenye sijida, Ijumaa, mtaa wa Mayfair huku kusini mwa Afrika, safu ya pili, paji la uso kwenye zulia, makalio juu kama kuku anayeatamia hewa. Wenzangu wakainuka, mimi nikabaki. Swala ikaisha, mimi nipo tu. Mzee mmoja Msomali akaanza "Inna lillahi", watu wakaitikia. Ndipo nikakoroma.

Kisa ni mgongo. Mimi mlinzi, nasimama getini masaa kumi na mawili, na tangu nianguke kwenye ngazi za kazini, kiuno hakikunjiki. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: kurukuu na kusujudu kama watu, nisikalishwe kwenye kiti cha plastiki pale pembeni na wazee. Daktari mmoja wa Braamfontein akaniandikia bangi. Ya cheti cha dawa, ya halali. Akaniuliza, nataka matone ya kuweka chini ya ulimi, au kimashine cha kuvuta mvuke?

Shule niliiachia kidato cha pili, lakini siku hiyo nilijiona profesa. Nikatupa macho pale tunaposubiri dawa. Wanawake karibu wote wanachukua matone, au mafuta ya kupaka, wanatia kwenye pochi, wanaondoka zao. Wanaume, kimashine. Kinawaka taa ya bluu. Nikasema hicho hicho! Mwanaume avute, bwana, kitu kitoke puani kionekane. Rafiki yangu wa Tanga, muuza kava za simu, goti lake bovu kuliko mgongo wangu, akaniunga mkono: "Matone ni ya wanawake na watoto wanaoumwa masikio."

Kwenye nyumba yetu Bellevue, chumba cha pili anakaa mama mmoja Mkongo, msusi. Vidole vinamuuma kwa kusuka. Yeye ni matone, asubuhi na jioni. Yanachelewa kufanya kazi ila yanakaa mwilini, naye anangoja. Hanuki, hakohoi, wateja wake hawajui kitu. Siku moja akanikuta uani nakohoa, machozi yananitoka.

"Papa, ile inakusaidia?"

"Sana tu, mama."

"Mais, lakini unalia!"

"Ni upepo."

"Banaume! Munapenda moshi juu ya kuonekana. Mugongo haina macho, Papa. Haione hiyo taa yako."

Nikacheka kwa dharau. Mtu anajidondoshea dawa kama ananywesha kifaranga, halafu anifundishe mimi!

Ijumaa ile mgongo ulikaza. Daktari alisema nivute mara moja, ningoje. Mara moja? Mimi? Nilivuta mara nne nyuma ya duka la nguo, fasta, mapafu yakapiga saluti. Nikatawadha, nikaingia. Rukuu ikapita bila mfupa kulia. Sijida sasa... eish, lile zulia ni laini, nyie.

Walioniamsha walininusa, wakaangaliana. Imamu hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma. Alinishika mkono taratibu: "Ndugu yangu, kuanzia leo wewe kaa kwenye kiti."

Kiti! Kile kile nilichokuwa nakikimbia na taa yangu ya bluu.

Nikarudi kwa daktari, nikaomba matone kwa kunong'ona, kama naomba dawa ya gonjwa la aibu. Ijumaa mbili nilikaa pembeni katikati ya wazee wawili, mmoja ananigawia peremende. Ya tatu, swala ilipoisha, rafiki yangu akanikuta nje natafuta viatu, kichupa cha matone kinachungulia mfukoni. Nikajiandaa kuchekwa. Akachungulia huku na huku, akanisogelea sikioni.

"Mimi chupa yangu naificha kwenye soksi," akasema. "Mwezi wa tatu huu. Ningekwambia, lakini wewe nawe unavyocheka watu!"