Njia ya Zungukeni haibadilishwi jina

Juzi tulimzika hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka mama mshonaji kutoka Fizi, aliyenigeuzia kola za mashati tangu nikiwa na nywele nyeusi. Namshukuru Mungu kwa maisha yake, na pia kwa jina aliloacha. Si lake, ni la njia inayopita mlangoni pake. Wageni huuliza kwa nini inaitwa Zungukeni. Leo nawaeleza, na aliyesababisha jina hilo akisoma, asome vizuri.

Zamani njia ile ilifika moja kwa moja kwenye kituo cha afya. Mfanyabiashara mmoja akajenga duka katikati yake, lenye mlango mbele na mlango nyuma. Mume wa mama alipozidiwa, tulimbeba kwenye blanketi hadi mlango wa nyuma, tukaomba kupita. Mwenye duka aliitazama miguu yetu yenye matope. "Zungukeni kule sokoni," alisema, "mutanichafulia simenti." Tukazunguka. Pale sokoni blanketi likawa zito kwa namna anayoijua aliyewahi kubeba mgonjwa akamfia njiani.

Kambini kwetu njia hazina vibao. Huitwa kwa jambo ambalo watu wanalikumbuka. Mama hakugombana na mtu. Mteja akiuliza anakokaa, alijibu tu, "Njo pale Zungukeni," yaani ndipo pale. Vijana wa kabaza, wale wabeba abiria, wakalibeba jina kwenye baiskeli zao. Mimi nikalitia katika matangazo ya kanisa kila Jumapili, kwa sauti safi, nikimtazama mwenye duka kwenye benchi lake. Mwishowe alifunga milango yote miwili, akahamia Lilongwe, ambako maeneo mengi huitwa kwa namba, na namba haimsemi mtu. Akafungua kibanda huko huko, mtaa wa Biwi. Mama zetu waliokwenda kununua vitambaa wakamkuta: "Ee, Papa Zungukeni! Kumbe njo huku ulizungukia?"

Kwenye matanga ya mama, mwenye duka alikuja na gunia la mchele, akanivuta pembeni.

"Mzee, tumupe mama heshima. Ile njia tuiite jina yake."

"Na duka?"

"Aa, Mzee, duka ni ya zamani."

"Basi na jina ni ya zamani."

"Batoto yangu banachekwa ku masomo, Mzee."

"Fungua ile milango, bantu bapite, kisha uje."

Alisema atafikiri. Mchele tuliupika, ulikuwa mzuri.

Nimefundisha uvumilivu maisha yangu yote, na kisasi nimemwachia Mungu. Kusamehe bado naomba nijaliwe. Lakini mama huyu alinifundisha kwamba aliyemnyima mgonjwa njia hapaswi kupewa njia ya mkato ya kusahauliwa. Anayetaka jina jipya alifanyie kazi, kama alivyolifanyia kazi la kwanza. Funguo anazo yeye. Jumapili nitasimama kama kawaida, nimshukuru Mungu, kisha nitangaze: sala ya kumkumbuka mama itafanyika nyumbani kwake, Zungukeni. Watakaotoka upande wa kituo cha afya, wazungukie sokoni.